Bolti za zege: unauliza saizi ya bolti wakati anayebeba mzigo ni zege

Kuna swali linaulizwa kila siku na kila siku linajibiwa vibaya. Mtu anataka kufunga kitu kizito kwenye zege, geti, mashine, reli ya ngazi, stendi ya tenki, anauliza niweke bolti namba ngapi, yaani ya unene wa milimita ngapi, na majibu yanamiminika: weka 12, mwingine anasema 12 ndogo hiyo weka 16, wa tatu anakuja na achana na hizo piga kemikali umalize kazi. Hakuna hata mmoja anayeuliza zege lenyewe likoje, lina unene gani, shimo litakuwa umbali gani na ukingo, mzigo unavuta kuelekea wapi. Yaani ni kama mtu anauliza anunue kamba gani ya kumfungia ng'ombe na wote wanabishania kamba, hakuna anayegeuka kuangalia kama mti wa kumfungia umeoza.

Mimi hizi bolti nimezifunga miaka kadhaa na nimeshaharibu pia, hiyo ntasimulia huko mbele. Ngoja tuanze na majina maana hata majina yenyewe yanachanganya watu.

Majina kwanza

Bolti ya zege kitaalamu inaitwa nanga, na jina limekaa vizuri, kama nanga ya meli kazi yake ni kujishika kule chini ili kilichoko juu kisiende popote. Kuna koo mbili. Ya kwanza ni zile zinazowekwa kabla zege halijamwagwa, zile zenye mguu uliopinda kama mkongojo, zinafungwa kwenye nondo kisha zege linamwagwa juu yake, ndo hizo unaziona zinachomoza kwenye misingi ya nguzo za chuma. Ya pili ni zile ambazo zege limeshakauka wewe unakuja baadaye na drili. Hizi za pili nazo ziko za mekanika, ambapo chuma chenyewe kinajibana ndani ya shimo, na za kemikali, ambapo unajaza gundi maalum shimoni halafu unachomeka fimbo yenye thredi. Makala hii ni ya hizo za mekanika ila kemikali itatajwa kwa sababu watu wanaiamini kupita kiasi.

Neno jingine unalohitaji ni kina cha kushika. Hiki sio urefu wa bolti. Ni umbali kuanzia uso wa zege lenyewe mpaka pale mwisho ambapo bolti inajibana. Nasema zege lenyewe kwa sababu plasta haihesabiki, tailizi haihesabiki, ile gundi ya tailizi chini yake haihesabiki. Mtu ana bolti ya mm 100, ukutani kuna plasta mm 25 na tailizi mm 10, bamba la kitu anachofunga mm 10, nati na washa zinakula kama mm 15, sasa piga hesabu zege limebaki na kiasi gani. Mm 40. Halafu anashangaa mbona imetoka wakati alinunua ndefu.

Inajishikaje hasa

Umeshawahi kuona mpini wa jembe au nyundo uliolegea? Dawa yake ni kabari, unagongelea kipande cha mti kwenye kichwa cha mpini, mti unatanuka, unajibana ndani ya tundu la chuma na jembe halichomoki tena. Hakuna gundi, hakuna msumari, ni kutanuka tu na msuguano. Bolti ya zege ya aina inayotumika sana ni kitu hicho hicho, ndo maana mimi naiita bolti ya kabari.

Ichukue mkononi uiangalie. Juu ina thredi na nati na washa. Ukishuka chini kuna shingo iliyopungua kidogo, na kwenye hiyo shingo kumevishwa pete nyembamba ya chuma iliyopasuliwa, ina vijino vidogo ukipitisha kidole vinakwaruza. Mwisho kabisa chini ya pete bolti inanenepa tena kwa umbo la pia, yaani jembamba juu na pana chini. Sasa ukiigongea shimoni ile pete inakwaruza kuta za shimo mpaka chini. Ukianza kukaza nati bolti inavutwa juu, lakini pete haitaki kwenda nayo kwa sababu vijino vyake vimeshika ukuta wa shimo, kwa hiyo ile pia ya chini inaingia ndani ya pete, pete inatanuka, inakandamiza zege pande zote. Bolti inapanda milimita chache tu na imeshika. Na uzuri wake ni kwamba mzigo ukija kuvuta zaidi ile pia inaingia zaidi kwenye pete na inabana zaidi, mpaka kufikia kikomo chake.

Ukielewa hiyo aya moja utaelewa kwa nini mafundi wazuri ni wasumbufu kuhusu shimo. Kila kitu kinaanza na ile pete kushika ukuta. Shimo likiwa pana kidogo tu pete inazunguka pamoja na bolti, nati unaizungusha mpaka jioni na hakuna kinachotanuka.

Aina nyingine nazipitia haraka. Ile wengi wanayoiita rolbolti ina koti la chuma lililopasuliwa kuanzia chini, ukikaza kichwa kabari ya ndani inapanda na koti linafunguka, hii inatanuka eneo kubwa zaidi ila inataka shimo nene. Halafu kuna ya kutumbukiza, inakaa yote ndani ya zege kama kikombe chenye thredi kwa ndani, baadaye unaifungia fimbo au bolti yako ya kawaida, hii haitanuki kwa kukaza bali kwa kugongwa, ndani yake kuna kikabari unakisukuma kwa kipigio chake maalum. Ukigonga kwa msumari au bisibisi kuukuu kikabari hakifiki chini na bolti haijashika hata kama kwa macho inaonekana imekaa. Na kuna skrubu ya zege, hii haina kabari kabisa, thredi zake ngumu zinajichongea njia kwenye ukuta wa shimo, inashika kwa kung'ata badala ya kutanuka.

Zile plagi za plastiki za kufungia rafu na vikapu vya ukutani, wengine wanaita fisha, ni ndugu wa familia hii hii na historia yake inafurahisha kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 huko London mkandarasi mmoja, John Joseph Rawlings, alitakiwa kufunga vifaa vya umeme kwenye kuta za jumba la makumbusho la British Museum bila kuzibomoabomoa kama ilivyokuwa kawaida, maana zamani ulikuwa unachonga tundu kubwa ukutani, unapachika kipande cha mbao ndo unapigilia skrubu. Yeye akatengeneza kiplagi cha nyuzi za juti zilizoshikamanishwa na gundi na damu ya wanyama, ndo mwanzo wa jina Rawlplug. Ya nailoni inayotanuka tunayoijua leo ilikuja 1958, kazi ya Mjerumani Artur Fischer. Wazo ni lile lile la mpini wa jembe.

Sasa saizi za biti za drili, hapa ndo watu wanaumia. Bolti ya kabari ya M10, yaani yenye thredi ya mm 10, inaingia shimo la mm 10, shimo ni sawa na bolti. Ya kutumbukiza ya M10 inataka mm 12 kwa sababu 10 ni saizi ya bolti itakayoingia ndani yake. Rolbolti ya koti ya M10 nyingi zinataka mm 16. Zote zimeandikwa M10! Fundi aliyezoea moja anaenda na biti ya jana kwenye bolti ya leo. Soma boksi, saizi ya biti imeandikwa pale.

Nani anavunjika kwanza

Tuje kwenye ule ubishi wa 12 na 16.

Ng'oa mche kwenye udongo uliolowa. Mche hautoki peke yake, unatoka na bonge la udongo, juu pana chini jembamba. Zege ukilivuta kwa bolti linafanya vile vile, linang'oka bonge lenye umbo la pia iliyogeuzwa, ncha yake iko pale bolti iliposhika na mdomo wake uko juu kwenye uso wa zege. Upande wa pia hiyo unalala kwa kama nyuzi 35 kutoka usawa wa uso wa zege, kwa hiyo mdomo unakuwa mpana sana, kama mara 3 ya kina cha kushika. Bolti iliyoshika mm 60 inabebwa na duara la zege lenye upana wa mm 180. Hilo duara ndo nanga yako, bolti ni mpini tu.

Na zege kwenye kuvutwa ni dhaifu, hapa pia watu wanachanganya. Zege tunalisifia ugumu kwa sababu ukilikandamiza halivunjiki kirahisi, ila ukilivuta uwezo wake ni kama sehemu moja ya kumi ya huo wa kukandamizwa. Ndo maana tunaweka nondo. Bolti inapovuta inalipiga zege pale pale kwenye udhaifu wake.

Twende na namba. Chukua bolti ya M12 ya chuma cha daraja 8.8, yaani chuma kigumu. Chuma chenyewe kinakatika kwenye mvuto wa karibu tani 6.8. Ichomeke kina cha kushika mm 60 kwenye zege la kawaida la daraja C20/25 lisilo na nyufa, mbali na ukingo, kisha tumia hesabu za kiwango cha Ulaya EN 1992-4: zege linang'oka kwenye kama tani 2.3. Likiwa na nyufa ni kama 1.6. Na hizo ni namba kabla ya kupunguza kwa ajili ya usalama, ukishapunguza unabaki na kama tani moja kwenye zege lisilo na nyufa. Sasa badilisha M12 uweke M16 kina kile kile mm 60. Kwenye hesabu ya kung'oka kwa zege unene wa bolti haumo kabisa! Umenunua chuma kingi, umetoboa shimo nene, mzigo unaobebwa na zege ni ule ule.

Kinachobadilisha mambo ni kina. Nguvu ya hiyo pia ya zege haiendi moja kwa moja na kina, inaenda kwa kasi kuliko kina, ukitoka mm 50 kwenda mm 100 hupati mara mbili, unapata karibu mara 2.8. Kwa hiyo kama una wasiwasi, kwenye kazi nyingi M12 ndefu inamshinda M16 fupi. Sio siku zote maana kuna mizigo ya kukata, yaani inayosukuma bolti kwa ubavu kama bamba linalotaka kuteleza, huko unene wa chuma una maana yake, ila hata huko ukiwa karibu na ukingo anayetangulia kuvunjika ni zege.

Na hii ya mzigo unavuta wapi inadanganya watu wengi. Unafunga mkono wa chuma ukutani, umetoka nje sm 60, mwishoni unaning'iniza kilo 30. Bamba lake ukutani lina urefu sm 20 kutoka bolti za juu mpaka pale chini linapoegemea. Bolti za juu hazivutwi na kilo 30, zinavutwa na kilo 90, kwa sababu mkono unafanya kazi kama mtaimbo, 60 gawa kwa 20 ni mara tatu. Refusha bamba liwe sm 40 zinarudi 45. Umepunguza mzigo nusu bila kugusa saizi ya bolti.

Kutokana na ile pia kuna mambo mawili yanafuata yenyewe. Bolti mbili zikikaribiana pia zao zinaingiliana, zinagombania zege moja, kwa hiyo bolti nne zilizorundikwa kwenye bamba dogo hazibebi mara nne. Ili kila moja iwe na zege lake kamili zinataka kuachana kama mara 3 ya kina cha kushika. Na kwenye ukingo, ukiwa karibu kuliko mara 1.5 ya kina sehemu ya ile pia ya zege inakuwa imeishia hewani. Haimaanishi huruhusiwi kabisa, inamaanisha uwezo unashuka na lazima uhesabu hivyo, na chini ya kiasi fulani kilichoandikwa kwenye karatasi ya bolti hapo ndo hutakiwi kugusa. Unene nao, kanuni ya kawaida zege liwe na unene angalau mara mbili ya kina cha kushika.

Sasa lile kosa langu. Nilifunga bawaba za geti la chuma kwenye nguzo ya zege ya upana wa sm 20, bolti za kabari M12 mbili kwa kila bawaba. Bamba la bawaba lilikuwa limeshatobolewa na mashimo yake yaliangukia kama mm 40 kutoka kwenye kona ya nguzo, mwenye kazi alitaka geti likae hapo hapo na mimi nikasema zege hili gumu litavumilia. Ya kwanza ikakaza vizuri. Ya pili nilikuwa nimebakiza kama robo mzunguko nikasikia tik, sauti ndogo tu kama kijiti kikavu, nikaona mstari mwembamba kama unywele umetoka kwenye shimo unashuka kwenda kwenye kona. Geti lilikuwa bado liko chini! Halijaning'inizwa. Hakuna mzigo wowote, ni kule kutanuka kwa kabari peke yake kumepasua kona, maana kabari ndo hiyo hiyo tunayopasulia kuni. Nikafanya ujinga wa pili, nikalitundika hivyo hivyo. Baada ya wiki chache kona ya nguzo ilidondoka kipande kirefu kama kiganja, bolti imebaki inachungulia, inang'aa, thredi zake safi kabisa.

Kaza mpaka basi?

Imani kubwa kuliko zote ni kwamba bolti inakazwa mpaka nguvu zako ziishe, na ukitaka kuonyesha umahiri unavalisha bomba kwenye spana uongeze urefu. Hapana. Kila bolti ya kabari ina kipimo chake cha kukaza, kinaitwa toki, kinapimwa kwa newton-mita. Kinatofautiana kwa mtengenezaji lakini M8 nyingi ziko kwenye 15 mpaka 20, M10 kati ya 25 na 45, M12 kati ya 40 na 60. Spana ya sm 30 ukiikandamiza kwa uzito wa kama kilo 20 tayari umefika 60. Ukivalisha bomba spana ikawa sm 60 na ukailalia kwa kilo 50 hizo ni kama 300, mara tano ya inachotaka. Hapo ama unaivuta pia ya bolti ipitilize kwenye pete, ama unapasua zege, ama unainyoosha bolti yenyewe, na mbaya zaidi ni kwamba kwa nje itaonekana imekaza kweli kweli.

Kama huna spana ya toki angalau fahamu dalili. Bolti nzuri kwenye shimo zuri inaanza kuwa ngumu ndani ya mizunguko michache baada ya washa kugusa bamba. Ikiendelea kuzunguka inapanda tu inapanda bila kuwa ngumu, usiongeze washa ya pili na ya tatu ili kuficha hiyo hali, hilo shimo limekataa.

Kitu kingine kinachowashtua watu: umekaza leo kwa kipimo sahihi, ukirudi siku kadhaa baadaye ukapima ule mkazo umepungua, unaweza kukuta kama nusu tu imebaki. Sio kwamba imelegea. Zege pale linapobanwa na pete linajiachia kidogo kidogo na watengenezaji wanalijua hilo. Kurudi kila wiki kukaza tena haisaidii, unaisogeza tu ile pia ya bolti mbele bila sababu. Mtikisiko ni habari nyingine, mashine inayotetemeka kutwa nzima inaweza kweli kulegeza nati, huko unataka nanga ambayo mtengenezaji ameithibitisha kwa mizigo ya aina hiyo, sio kukaza kwa hasira.

Vumbi, nondo, nyufa na zege changa

Vumbi la kutoboa halionekani kama tatizo mpaka siku umeteleza kwenye sakafu laini yenye mchanga. Ni hivyo hivyo ndani ya shimo, pete inatakiwa ishike zege inashika unga. Halafu unga ukijaa chini bolti haifiki, unagonga inagoma, unagonga zaidi inaharibika thredi. Toboa zaidi ya kina kinachotakiwa kwa mm 10 au 15 hivi, puliza kwa pampu ya mkono, pitisha brashi, puliza tena, na vaa miwani maana lile vumbi linarudi usoni. Tumia drili ya nyundo na biti ambayo ncha yake haijaisha, biti iliyochakaa inatoboa shimo jembamba bolti ikagoma, na ukiiyumbayumbisha drili ili ipite shimo linakuwa pana mdomoni. Wakati wa kugongea acha nati ikiwa juu imefunika ncha ya thredi, nyundo ipige nati.

Ukikutana na nondo drili inaanza kupiga kelele nyingine na haisogei, acha. Usiilazimishe kwanza kwa sababu utaua biti na pili kwa sababu hujui hiyo nondo inabeba nini.

Zege likiwa halijatimiza siku 28 nguvu zake bado zinapanda, bolti ya kutanuka kwenye zege la wiki moja ni kulitafutia nyufa. Na tofali lenye matundu ndani sahau kabisa bolti ya kabari, kabari inataka ukuta mnene wa kuusukuma, kwenye tofali la hivyo itaangukia kwenye uwazi au italipasua.

Nyufa zinahitaji maneno mawili zaidi. Zege lililobeba mzigo mara nyingi lina nyufa nyembamba, hiyo ni kawaida na ndo kazi ya nondo kuzidhibiti. Tatizo ni kwamba ufa unapenda kupita kwenye shimo kwa sababu shimo ni mahali dhaifu. Ufa wa mm 0.3 huuoni kwa mbali, lakini kwa pete ambayo imetanuka milimita moja moja hiyo ni nafasi kubwa. Ndo maana kuna bolti zilizothibitishwa kwa zege lenye nyufa na zilizothibitishwa kwa lisilo na nyufa tu, kwa macho zinafanana kama mapacha, bei hazifanani. Upande wa chini wa slabu na mihimili mara nyingi ndo penye kuvutwa, huko chukua ya nyufa bila kujadili.

Kwa hiyo kemikali ndo jibu?

Kuna mahali kemikali inashinda wazi. Haitanuki, kwa hiyo haipasui ukingo wakati wa kufunga, na unaweza kwenda kina kirefu zaidi. Ila ile pia ya zege bado ipo, gundi haibadilishi zege kuwa chuma, na usafi wa shimo unadai zaidi kuliko mekanika kwa sababu gundi ikishika vumbi imeshika hewa. Halafu kuna muda wa kukauka, ambao unategemea joto, na kuna watu wanatundika mzigo baada ya dakika 10 kwa sababu imegusika kavu.

Kubwa zaidi ni mizigo inayoning'inia juu ya vichwa vya watu miaka na miaka. Tarehe 10 Julai 2006 huko Boston, Marekani, vipande vizito vya dari ya zege kwenye handaki la barabara viliangukia gari na abiria mmoja akafa. Bolti zilikuwa zimeshikwa na gundi ya epoksi, na uchunguzi ukaonyesha gundi iliyotumika ilikuwa inajivuta taratibu ikibebeshwa mzigo usioisha. Kwenye jaribio la dakika chache ingefaulu, ila mzigo wa dari haushuki hata usiku. Tarehe 2 Desemba 2012 dari ya handaki la Sasago huko Japani ilianguka, watu 9 wakafa, na pale pia zilikuwa bolti za gundi, kwenye handaki lililofunguliwa miaka ya 1970. Hii haimaanishi kemikali ni mbaya, gundi za leo zinapimwa kwa mzigo wa muda mrefu, ila yule anayekwambia piga kemikali umalize muulize kwanza mzigo unaning'inia au umekaa.

Kutu nayo ina imani zake. Bolti inayong'aa ya rangi ya fedha au ya njano mara nyingi imepakwa zinki kama maikroni 5 tu (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), hiyo ni ya ndani pakavu. Nje unataka iliyochovywa kwenye zinki ya moto, ile yenye rangi ya kijivu iliyofifia, zinki yake ni mara kadhaa zaidi, au chuma kisichoshika kutu, cha daraja A4 ukiwa karibu na bahari. Na hata hicho kisichoshika kutu kina adui, hewa ya klorini kwenye mabwawa ya kuogelea ya ndani. Mwaka 1985 huko Uster, Uswisi, dari ya bwawa ilianguka na kuua watu 12, fimbo za kuning'inizia zilikuwa za chuma hicho kinachoaminika na zilipasuka kimya kimya kwa ndani.

Shimo likiharibika

Likishaharibika usitoboe lingine jirani yake kabisa, ile pia ya zege itakuwa na tundu katikati. Ondoka angalau mara mbili ya kina cha shimo lililoharibika, au lijaze kwa mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga) isiyosinyaa uisubiri iwe ngumu ndo utoboe karibu. Na bolti ya kabari iliyokwisha kukazwa haichomolewi ikarudishwa kwenye shimo jingine, pete yake imeshafunguka. Ikate ilingane na uso wa zege, funika, nenda zako.

Ile nguzo ya geti niliirudia kwa gharama zangu. Nilibomoa kona iliyolegea mpaka kwenye zege zima, nikairudishia, nikatengeneza bamba jipya la bawaba refu mara mbili ya lile la kwanza na mashimo yake nikayasogeza katikati ya nguzo, mm 100 kila upande, nikafunga kwa kemikali kwa sababu kabari kwenye ile nguzo nilishaiogopa. Fimbo nilizotumia ni M12, saizi ile ile. Mwenye geti aliziangalia akasema mbona hujaongeza bolti.